Mama Mkwe Kwenye Mtumbwi

Mto uitwao Sio ukishiba mvua hauna utani. Miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi, tulikuwa tunachimba njia chini yake ya kupitisha bomba la maji. Ilibidi tuzibe nusu ya mto kwa nguzo na magunia ya mchanga, na maji yote yakabanwa upande mmoja, yakienda mbio. Mitumbwi ya watu wa Dabani ilipita hapo hapo. Injinia wetu, mtu wa Tororo asiye na maneno mengi, alitakiwa kuamua kama mitumbwi iendelee au kivuko kifungwe mpaka kazi iishe. Mimi nilikuwa mkalimani wake.

Nilimwomba Mungu kisifungwe. Mama mkwe wangu alikuwa na kidonda kibaya mguuni, na zahanati ya kukisafisha ilikuwa ng'ambo. Alishaambiwa kwamba akikosa dawa, mguu utakatwa.

Siku ya kujaribu, injinia alikataa kukagua akiwa ukingoni. Alitaka mtumbwi wenye abiria wa kawaida, naye ndani. Tulipofika penye kasi, mama mmoja aliyejitanda leso akageuka, akaniona. Lo, ni yeye! Kwetu mtu hakai karibu na mama mkwe wake, sembuse kugusana magoti. Akainuka ahamie nyuma. Nami, mjinga, nikainuka niende mbele. Mtumbwi ukayumba, maji yakaingia. Mpiga kasia akatufokea, tukakaa, kila mmoja akitazama upande wake.

Tuliposhuka nilijua kivuko kitafungwa. Injinia akauliza kwa nini tulisimama. Nikamweleza, uso chini kwa aibu. Wakubwa wengine wangetuita washamba. Yeye hakucheka.

"Nguzo nimeziona, magunia nimeyaona," alisema. "Hili sikuliona. Kabla ya kusukuma mtumbwi, mpiga kasia aulize kama kuna wakwe."

Basi, kivuko hakikufungwa. Mpaka leo namvulia kofia mtu yule. Kila siku ya zahanati nilibaki ukingoni, mama mkwe akavuka kwanza.

Mvua zilipokwisha, mke wangu aliniita nje. Mbali na ua wetu, kama ilivyo desturi, mama yake alikuwa ameweka kuku chini, zawadi yake kwa injinia, na ameshageuka anakwenda zake. Hakunitazama. Nilisimama nikiiangalia miguu yake yote miwili ikikanyaga vumbi, machozi yananitoka.