Vidonge Vilivyobadilishwa

Fundi vioo alikuwa mwanamke wa mkono mtulivu. Kisichotulia kwake kilikuwa tumbo. Alikuwa na vidonda vya utumbo mpana, na mpaka alipoanzishiwa vidonge vya asubuhi na jioni, kila siku alitokwa na damu chooni. Sasa alikata vioo kutwa nzima karakanani bila kuacha kazi kukimbilia chooni.

Wifi yake, aliyehamia kwao baada ya kuachika, aliuza virutubisho vya makopo.

"Wifi, hizo kemikali zitakumaliza," alisema mezani. "Acha ngano, acha nyama, tumia vyangu. Mwezi mmoja tu."

"Daktari alisema nile kinachonikubali. Hakusema niache dawa."

"Daktari anakula kwa ugonjwa wako."

"Na wewe je, unakula kwa ugonjwa wa nani?"

Mume aliinamia sahani. Mkewe na dada yake wakianza kurushiana maneno, masikio yake huziba.

Wiki tatu baadaye damu ilirudi. Fundi alimeza vidonge vya kichupa chake kilekile, hakukosa hata siku moja, na bado alikonda, suruali ikamvuka kiunoni. Asubuhi moja miguu ilimlegea akiwa ameshika kioo cha dirisha. Kilipasuka sakafuni, naye akaanguka kando yake.

Hospitalini nesi alimimina vidonge vyake kiganjani, akavigeuzageuza.

"Mama, hivi sivyo tulivyokupa."

Wifi alikuja jioni na chupa ya supu, akakiri bila aibu.

"Nilibadilisha, nikaweka vyangu, kwa nia njema. Ungepona kama usingekula mkate kwa siri."

"Toka," fundi alisema. "Na nikirudi nyumbani nisikukute." Akamgeukia mumewe, aliyekaa kando ya kitanda. "Umesikia, au leo pia huna masikio?"

Dada mtu alihama wiki hiyohiyo, mume akanuna miezi miwili. Fundi alirudia dawa zake, akapona taratibu. Maharage ameyaacha, kwa kuwa yanamsokota, lakini hilo hamwambii mtu, wifi asije akajisifu.

Walikutana kwenye harusi ya jamaa. Wifi alinyoosha mkono, akasema, "Umenawiri." Fundi aliutazama ule mkono mpaka ukachoka, akabeba kiti chake akaenda kukaa upande wa pili.