Mnyama Asiyekimbia

Asubuhi moja ya Januari, Ercira Cayún alitoka kwenda kuchuma njegere akamkuta kulungu ndani ya bustani yake. Alikuwa ameruka uzio wa vigogo na kusimama katikati ya matuta, shina la njegere likining'inia mdomoni. Ercira aliweka ndoo chini taratibu. Mnyama alimtazama, akatafuna, akamtazama tena. Hakukimbia.

Kwa Ercira, mjane wa miaka sabini na mmoja aliyezaliwa na kuzeekea katika bonde la Pedregoso, kusini kabisa mwa Chile, hilo lilitosha. Bondeni humo watu humtambua huemul, kulungu wa asili wa nchi hiyo, kwa tabia moja: hamwogopi binadamu. Husimama akakutazama. Ndiyo sababu hakubaki hata mmoja. Walowezi wa kwanza hawakupoteza risasi. Walimfungulia mbwa, au walimsogelea na kisu. Baba yake Ercira alikuwa miongoni mwao. Ndiye aliyemleta uani huemul wa mwisho, Ercira akiwa na miaka tisa, akampa binti kazi ya kuwatupia mbwa vipande vya nyama. Tangu siku hiyo mnyama huyo anaonekana kwenye nembo ya taifa tu.

Kisa hicho Ercira alikisimulia kila kibuyu cha chai ya yerba kilipozunguka jikoni kwake. Majirani walikijua kuliko rozari. Walijua pia anachomwomba Mungu: amwone mmoja akiwa hai kabla hajafa.

"Amerudi," alimwambia Nibaldo Chiguay, jirani mwenye kondoo wengi kuliko wote bondeni. Ercira ndiye aliyemsimamia binti wa Nibaldo kwenye ubatizo, kwa hiyo waliitana mzazi mwenzangu.

"Nani karudi? Marehemu?"

"Mjinga wewe. Huemul."

"Mzazi mwenzangu, wewe hata sindano huioni, sembuse tundu lake."

"Njoo umwone kwanza, ndipo uyatukane macho yangu."

Nibaldo akaja, na nyuma yake akaja Uberlinda Ovando wa ng'ambo ya mto, mwanamke ambaye hakosi jambo. Walimkuta mnyama nyuma ya bustani. Alikuwa dume, pembe zake zenye matawi mawili mawili bado zimevikwa ngozi laini. Nibaldo alimwendea akiwa na kofia mkononi, kama mtu anayeingia kanisani. Mnyama akamnusa vidole.

Hapo Ercira akaomba alilotaka. Mbwa wa bonde zima wafungwe.

"Nifunge mbwa, kondoo wangu wachungwe na nani?"

"Na miguu yako. Si bado unayo miwili?"

"Mmoja na nusu," alisema Uberlinda. "Ule mwingine aliuacha kwenye baa ya mjini."

Walicheka, lakini walikubali. Jambo moja zaidi lilipita bila ubishi: afisa wa wanyamapori asiambiwe. Akijua kuna huemul, walisema, kesho yake ataleta waya na kufunga malisho.

Kiangazi hicho mbweha walikula bondeni kama wamealikwa. Kila nyumba ilipoteza wanakondoo. Uberlinda aliishiwa kuku. Mbwa walibweka kwenye minyororo hadi sauti zikakauka, na hakuna aliyewafungua. Jumapili watu walikuja kusimama kwenye uzio wa Ercira, wakinong'ona kama walio mbele ya maiti. Yeye alimwachia mnyama njegere, kisha kabichi, kisha majani ya viazi. Akamzoesha kulamba chumvi kiganjani.

Aprili, majani ya vuli yalipoigeuza milima kuwa myekundu, alfajiri moja mnyama alianza kunguruma. Ilikuwa sauti nzito ya kukwaruza, iliyoanzia kifuani na kufika ng'ambo ya mto. Asubuhi hiyohiyo Nibaldo alimkuta Ercira akipura maharage.

"Umesikia?"

"Ng'ombe wa Uberlinda."

"Ng'ombe wa Uberlinda wameshateremshwa kwenda mjini. Wewe ndiye uliyewahesabu langoni."

Ercira aliendelea kupura.

Ujanani Nibaldo alifanya kazi upande wa Argentina, kwenye mashamba ambako matajiri walileta kulungu wekundu kutoka Ulaya ili wapate cha kuwinda. Kila vuli alilala akisikia ngurumo hiyo. Huemul hangurumi hivyo.

"Huyu ni mgeni, mzazi mwenzangu. Kalelewa kwa chupa na mtu, akatoroka. Ndiyo maana hakimbii. Na lile jeraha la sikioni?"

"Puma alimkosa kidogo. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema. Twende tukaangalie."

Kwenye sikio la kushoto palikuwa na mkato safi, umbo la mkia wa mbayuwayu. Katika bonde hilo mtoto husoma masikio ya kondoo kabla ya kusoma herufi, kwa sababu kila familia ina mkato wake wa kutambulisha mifugo. Watu hao hao walikuwa wameutazama mkato ule kiangazi kizima, wakauita jeraha.

Ercira aliupitishia kidole.

"Akiita, majike watavuka mpaka," Nibaldo alisema. "Hawa wakijaa hapa, huemul wako hatapata hata pa kukanyaga."

"Nani atampiga risasi?"

"Mimi."

"Basi mara moja tu. Na mbwa wasionje."

Alikwenda kuchukua chumvi. Mnyama alimjia kama kawaida, akainamisha kichwa kiganjani, na Nibaldo akafyatua. Ercira hakuondoa mkono mpaka mnyama alipoanguka.

Nyama waliigawa kwa kila nyumba iliyofunga mbwa. Ercira aliipeleka mwenyewe, na kila mlangoni aliomba jambo lilelile.

"Mbwa muwaache wamefungwa."

"Kwa ajili ya mnyama gani tena, mama?" Uberlinda alimuuliza, safari hii bila mzaha. "Tumeshamla."

"Wa kweli akija, atakuta nini?"

"Atakuta watu wenye njaa kama sisi. Pole, mama. Mimi sina kuku wa pili wa kuwapa mbweha."

Nibaldo hakubishana na Ercira. Alipokea fungu lake, akasema asante, kisha akaenda nyuma ya nyumba kufungua minyororo. Kufikia adhuhuri mbwa wa bonde zima walikuwa mlimani.

Mbwa wa Ercira hakuwamo, na hadi leo hayumo. Kila asubuhi humpeleka malishoni kwa kamba, yeye mbele na mbwa nyuma, na kondoo wachache aliobakiwa nao hutawanyika watakavyo. Katika nchi ya wafugaji, mbwa wa kuvutwa kwa kamba ni kichekesho. Vijana wakipita na farasi humpigia mluzi. Ercira huvuta kamba na kuendelea kupanda.