Lipu ya Mzee Timazi

Kila asubuhi, kabla ya kupiga kengele, Mzee Timazi alikuwa akiweka kiganja cha mkono wa kulia ukutani, chini ya dirisha la tatu, karibu na birika la ubatizo. Alikiacha hapo kwa muda wa Baba Yetu moja. Kisha alikinusa, akakifuta kwenye suruali, akaenda kushika kamba ya kengele. Waumini waliowahi misa walikuwa wamezoea, wakidhani anasali. Nami nilidhani hivyo, mpaka siku ya nne ya kuandamana naye, nilipoweka changu baada yake. Ilikuwa katikati ya kiangazi, lakini ukuta ulikuwa wa baridi, na kiganja changu kilinuka udongo mbichi.

Paroko alikuwa amenituma niandike historia ya kanisa letu la kigango, kitabu kidogo cha kutimiza miaka themanini. Mzee Timazi ni ndugu wa babu yangu mzaa mama, kwa hiyo naye namwita babu, na ndiye peke yake aliyebaki anayejua kanisa lile limejengwaje. Alikuwa fundi mwashi maisha yake yote. Jina alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu hakuhitaji kuning'iniza timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma, ili ajue kama ukuta umesimama wima. Alifumba jicho moja tu, basi. Magoti yalipomgomea akapewa funguo za kanisa alitunze.

Kanisa lenyewe ni dogo. Kutoka mlangoni hadi altareni ni hatua ishirini na sita, nilizihesabu. Kuta ni za udongo ulioshindiliwa juu ya msingi wa mawe, nene kiasi kwamba ukikaa dirishani miguu haifiki nje. Madirisha ni saba, yenye vichwa vya upinde, na hakuna mawili yanayolingana.

"Padre wa kwanza alichora kanisa ardhini kwa fimbo," babu alinieleza. "Akasema kila dirisha liwe na upana wa mikono miwili. Hakusema mikono ya nani! Kila jumuiya ikapima kwa mkono wa kiongozi wake. Lile jembamba pale ni la kinyozi mmoja, mfupi kama kinu. Mkewe kila alipolitazama alicheka mpaka akakosa komunyo."

Msimamizi wa mafundi alikuwa baba yake babu, na jina lake limechongwa kwenye jiwe la pembeni, kushoto kwa mlango. Huyo ndiye aliyeacha matundu ya hewa chini ya kuta, kila tundu ukubwa wa ngumi. Na kila mwaka, mvua zikiisha, wanawake waliukandika ukuta upya kwa udongo laini uliochanganywa na chokaa, kwa viganja vyao. Wakiongozwa na dada mkubwa wa babu, walimaliza kazi kwa siku mbili, nyimbo juu ya nyimbo.

Nilipouliza saruji inayofunika kuta leo iliingia lini, babu alisema, "Andika kwanza hayo."

Habari za saruji nilizipata kwa wengine. Miaka ishirini na saba iliyopita babu alirudi kutoka kujenga majumba ya mjini, sifa zimemtangulia, akaona aibu kwamba kanisa alilojenga baba yake linapakwa udongo kama banda la mbuzi. Akalipiga lipu ya saruji nje na ndani, kwa mikono yake, kama zawadi. Matundu ya hewa akayaziba, maana vyura walikuwa wanaingia wakati wa mahubiri. Wanawake wakapumzika. Watu wa vigango vingine wakaja kushangaa kuta zilivyonyooka, na askofu akampa mkono mbele ya watu wote.

Mwaka huu ukuta wa upande wa birika ulianza kuvimba. Ufa ukatokea chini ya dirisha la tatu, ukapanda mpaka kwenye upinde. Jumapili baada ya misa halmashauri ya kigango ikakaa humo humo kanisani, na waumini wengi wakabaki kusikiliza. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, na sauti yake haijastaafu.

"Jamani, tusizunguke. Ukuta una tumbo la miezi saba. Msingi ni mbovu. Wazee walijenga kwa kupima mikono, mnategemea nini? Tubomoe lote, tujenge la kisasa."

"Chunga mdomo, mwalimu," akasema dada yake babu. "Hao wazee wana watoto humu ndani."

"Mama, simtukani mtu. Nasema msingi."

"Mtoto wa fundi si huyo hapo? Wewe Timazi! Leo ulimi umeusahau nyumbani?"

Watu wakacheka. Babu alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua kofia yake magotini.

Mwenyekiti akanigeukia nilikokuwa, benchi la nyuma. "Na wewe binti yetu, kitabuni uweke wazi. Kanisa lilianguka kwa msingi mbovu wa fundi wa kwanza. Watoto wetu wajue."

"Usiandike," akasema babu.

Akainuka. Akaenda sakristia, akarudi na nyundo na tindo. Paroko akasimama nusu, akisema, "Mzee wangu, taratibu," lakini babu alikwisha kupiga. Lipu ikabanduka kipande kikubwa kama sinia, ikapasuka sakafuni. Nyuma yake udongo ukatoka umelowa, ukateremka ukutani kama tope la njiani, na harufu ya kuoza ikatufikia hata sisi wa nyuma. Babu akapiga goti kwa shida, akabandua na chini kabisa. Mawe yakaonekana, yamebanana, hayajasogea hata kidogo.

"Mwalimu, njoo utie kidole hapa. Kinaingia?"

Mwenyekiti akainama, akajaribu. "Hakiingii."

"Msingi wa baba yangu ni mzima. Ukuta wa udongo unataka kupumua, mimi nikauziba kwa saruji. Maji yakiingia juu hayana pa kutokea. Yameuozesha kwa ndani. Mwenye kosa hajafa, ndiye huyu mwenye nyundo."

Dada yake akashika kichwa. "Mdogo wangu! Si ungesema? Mikono yetu ilikuwepo."

Ndipo mama mmoja aliyempakata mtoto mchanga akasema, si kwa sauti kubwa, "Yaani wanetu tumewabatizia chini ya ukuta huu."

Hilo lilimwinamisha babu kuliko yote. Paroko akaamuru birika lihamishwe siku hiyo hiyo. Kanisa lifungwe. Ukuta ule ubomolewe kabla ya mvua, na zile kuta nyingine zibanduliwe saruji, zikauke, ionekane kama zitasimama. Zisiposimama, basi tena. Fundi aliyekuja kuzitazama siku chache baadaye hakutuahidi kitu. Jumapili ile ile, kabla hatujatoka, mwenyekiti alinyoosha mkono, babu akampa funguo za kanisa.

Nje, watu walipita mbele yetu bila kuaga. Wachache walisema "pole", wakamtazama pembeni. Babu alikaa kwenye ngazi ya mlango, mavumbi ya lipu yamemjaa kwenye nyusi. Nilikaa kando yake. Swali nilikuwa nalo tangu siku ile ya nne nilipogusa ukuta, na aibu yangu ilikuwa imelishikilia.

"Babu, ulijua. Kwa nini hukusema?"

"Nilijua mapema, mwaka wa tatu tu baada ya kupiga lipu," akasema. "Watu walikuwa bado wananisifu."