Pini za Mzee Anselmo

Iluminada Macatangay aliolewa kijijini Balisong, si mbali na ziwa, akitokea Lemery, kwa watu wa samaki, na mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kugusa kitu chochote cha karakana isipokuwa ufagio. Kijiji kizima kiliishi kwa visu, vile vya mipini miwili inayokunjuka na kuyaficha makali, na kila ua ulikuwa na nyundo yake. Mumewe Godofredo alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi. Alifua bapa, akachonga mipini ya pembe ya nyati, kisha akaviunganisha kwa pini mbili za shaba na kuzigonga vichwa mpaka zikalala. Pini ikishalala ndiyo basi. Kisu kilichokaza kitabaki kimekaza, na kilicholegea mwenyewe atakirudisha.

Wateja wa mjini walipoanza kuuliza visu vya skrubu, vya kufunguliwa na kusafishwa, Godofredo alicheka. Alisema kisu cha skrubu ni kama mchumba: leo yuko kwako, kesho yuko kwao. Lakini maombi yalizidi, na yeye hakuwa na subira ya vitu vidogo, hivyo kazi hiyo ikamwangukia mkewe. Luming, ndivyo walivyomwita, alijifunza kwa kuharibu. Alijifunza kukaza skrubu mpaka bapa ligome, kisha kurudisha bisibisi kidogo sana, mpaka mpini uanguke kwa uzito wake wenyewe na bapa lisicheze kushoto wala kulia. Alijifunza kupangusa mafuta yote kabla ya kutia tone la gundi kwenye nyuzi za skrubu, maana gundi haishiki penye mafuta, na baada ya hapo kukiacha kisu kilale bila kukijaribu, hata mteja akinung'unika mlangoni. Mafundi wenye haraka walirudishiwa visu vilivyofunguka mikononi mwa watu. Vya Luming havikurudi.

Hivyo ndivyo walivyoishi, yeye kwenye meza ya dirishani, mumewe kwenye fuawe, hadi asubuhi moja ya kiangazi Godofredo alipoangusha nyundo na yeye mwenyewe akaifuata chini.

Hakufa. Mkono wa kulia ndio uliokufa, mguu ukawa wa kuburuta, na ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyetoka usingizini. Dada yake Purificacion, mjane aliyekaa nyumba ya pili, akawa anakuja kila siku kumlisha uji wa wali na kumsahihisha wifi yake. Mto uko chini mno. Uji una tangawizi nyingi. Mgonjwa amelazwa akitazama ukuta kana kwamba ameadhibiwa. Luming aliinua mto, akapunguza tangawizi, akageuza kitanda.

Godofredo alikuwa na kisu alichoachiwa na baba yake, Mzee Anselmo. Alikuwa akikitembeza mfukoni tangu ujana, akikatia kamba, akimenyea papai, akikifungua kwa mkono mmoja huku akiongea na watu bila hata kukitazama. Sasa kilikaa miezi bila mafuta. Alasiri moja Luming alikuwa jikoni akichemsha kahawa, akamwona mumewe kupitia mlangoni ameketi kitandani, kisu kimo mkono wa kushoto. Alikizungusha. Mpini haukutoka. Alijaribu tena, kikaanguka. Akakiokota kwa shida, akakiuma kwa meno akivuta, mate yakamchuruzika kidevuni. Kisha akakiweka pajani, akatulia.

Luming alipoingia na kahawa, Godofredo alimpa kile kisu. "Katupe," alisema.

Hakukitupa. Jumapili Purificacion alipomsukuma kaka yake kwenye kigari kwenda misani, Luming alisema kichwa kinamuuma, akabaki. Alikifunga kisu kwenye jiliwa la mezani. Kabla ya kushika tupa alipiga ishara ya msalaba, maana hata yeye alikuwa amesikia mara nyingi Purificacion akisema kwamba roho ya baba yao imo katika pini zile. Alivipiga tupa vichwa vya pini, akazisukuma zikatoka, akapangusa kutu nyeusi ndani ya matundu. Akachonga nyuzi upande mmoja wa kila mpini, akatia skrubu mbili. Akalegeza kuliko ambavyo angemlegezea mteja yeyote, kwa kuwa aliufikiria ule mkono wa kushoto. Gundi hakutia.

Waliporudi, Purificacion ndiye aliyeona kwanza unga wa shaba na pini mezani.

"Wifi, hizi ni nini?"

"Pini za kisu cha Fredo."

Purificacion aliketi bila kuvua mtandio wa kanisani. "Baba alikufa mara moja, nikamlilia," alisema taratibu. "Wewe umemuua tena. Tena Jumapili."

Godofredo aliunyosha mkono wake ulio mzima, akakichukua kisu, akakitia mfuko wa shati. Hakusema neno siku hiyo wala wiki nzima iliyofuata. Luming akimvisha, anageuza uso. Akimlisha, anafumba macho. Usiku Luming alilala karibu naye akisikiliza pumzi zake na kujiuliza kama amemsaidia mumewe au amemnyang'anya kitu cha mwisho.

Mvua zilipoanza, alikuwa mezani pake akifunga visu vya mteja. Alisikia mguu ukiburutwa. Godofredo alikuja peke yake, ameshika ukuta, akaketi kwenye kiti cha wageni mpaka pumzi ikamrudi. Akakiweka kisu mbele ya mkewe.

"Umelegeza mno," alisema.

Luming alichukua bisibisi. Alikaza kidogo, akampa. Mumewe akakizungusha kwa mkono wa kushoto. Mpini ulitoka, ukakwama njiani. Akakirudisha. "Mpini wa juu uache. Legeza huu." Luming akalegeza. Wakaendelea hivyo, yeye akigeuza, mumewe akipima, mpaka kisu kilipofunguka polepole, vibaya, lakini kikafunguka.

"Hapo," alisema Godofredo. "Sasa gundi."

Luming alipangusa mafuta, akatia tone kila upande, akakilaza kisu kitambaani. Ndipo mumewe akasema, akiokota neno mojamoja:

"Pini zile hazikuwa za baba. Zinalika. Nimezibadilisha mwenyewe, zamani."

Luming alimtazama. "Na wiki nzima umeninunia kwa nini?"

"Ilikuwa kazi yangu." Alitazama mkono wake wa kulia, uliolala pajani kama wa mtu mwingine. "Na umeifanya vizuri."

Alilia, na Luming hakumzuia. Baadaye alimuuliza kama wamwambie Purificacion. Godofredo alitikisa kichwa. Dada yake hakuwa na mtoto wala mume, alisema, na baba yao hakumwachia kitu, kwa kuwa alikuwa binti. "Mwachie baba yake."

Godofredo aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Kila kisu kilichotoka meza ya mkewe kilipita kwanza mkono wake wa kushoto, na alivirudisha vingi. Alifariki kitandani, wakati wa masika, na watu wa Balisong walizima moto wa karakana zao siku ya maziko.

Kila Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, mawifi wawili huenda makaburini pamoja, wakibeba mishumaa na wali wa kunata uliofungwa majanini. Hung'oa majani kwenye kaburi la Mzee Anselmo, kisha la Godofredo. Na kila mwaka, wakishakaa kula, Purificacion husema kwamba anamsamehe mengi wifi yake, lakini zile pini, hapana.

"Ndiyo, wifi," hujibu Luming. "Nilikosa." Humsogezea wali, na kukinga mshumaa kwa kiganja, maana upepo wa ziwani huwa mkali saa zile.