Niliolewa na mzee nikidhani nimepata pa kuegemea, kumbe nguzo ni mimi

Wakuu, za mchana. Nipo Ifakara, nimetoka ofisi ya mtaa sasa hivi. Nitakayosema siongezi chumvi.

Nina miaka 29, mume wangu 61.

Nilimkubali miaka sita iliyopita na sababu naisema bila aibu: mstaafu, ana nyumba nzuri na ekari nne za mpunga Katindiuka. Kwetu Mkula tulikuwa tunalima mashamba ya kukodi. Nikasema hapa nimepumzika.

(Mwanae wa kwanza ananizidi miaka minne. Akiniamkia "shikamoo mama" natamani ardhi inimeze.)

Mwaka wa kwanza tu mgongo wa mzee ukagoma. Kupanda, palizi, kuamia ndege wasile mpunga, kuvuna, vyote mimi.

Sasa mwezi uliopita mdogo wake alikuja kumsalimia. Mimi nipo uani naosha vyombo, dirisha wazi. Namsikia mume wangu anacheka:

"Ningeoa wa umri wangu, tungekaa wote tunachua magoti. Nani angeingia jarubani kulima mpunga?"

"Na shamba umemwandikia?" mdogo wake akauliza.

"Shamba nimeshawaandikia watoto. Yeye bado mbichi, ataolewa tena."

Sufuria lilinidondoka.

Sikulia. Niliingia, nikampa shemeji shikamoo yake, nikasema: "Mzee, msimu huu siingii shambani. Waite wenye shamba wakalime."

Akadhani utani. Mvua zikaanza, majirani wanapanda, kwetu majani tu. Akawapigia wanae. Wote wapo busy mjini.

Juzi akaniuliza kwa uchungu, "Kwa hiyo ulifuata mali?"

"Na wewe ulifuata jembe."

Akainuka akatoka uani. Tulikuwa tumesema kweli wote wawili.

Leo mwanae mkubwa amekuja kwa niaba ya wenzake ili nirudi shambani, tumekwenda ofisi ya mtaa na ekari mbili zimeandikwa jina langu. Alivyomaliza kusaini akaninong'oneza: "Samahani mama. Sisi tulidhani baba alishakwambia tangu mwanzo kwamba shamba ni letu."

Watoto wote walijua, wakuu. Miaka sita!

Nilichojifunza: kabla ya kuolewa na mwenye mali, uliza imeandikwa jina la nani. Kubwa zaidi, nilimpigia hesabu mzee wa watu, sikuwahi kuwaza kwamba naye ananipigia.

Kesho naingia shambani. Ila kukaa naye meza moja jioni hii, sijui naanzaje.

Mlio kwenye ndoa za kupishana umri hivi, mnaishije? Shusheni comment, hata za kunisema nitasoma.