Kitambaa cha Laptop

Kiwanda cha mtaani kwetu Nyakato alimokuwa akifanya kazi mama kilipouzwa kwa mwekezaji, wafanyakazi walipewa kiinua mgongo na kuagwa. Wenzake wengine walifungua magenge, wengine wakanunua nyavu. Mama alinunua laptop.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka Dar es Salaam, nikisomea uhandisi wa ujenzi. Nililalamika mara moja tu kwamba michoro sasa inafanywa kwa kompyuta na za chuo tunazigombania. Kesho yake akaniambia nivae viatu, tunakwenda mjini. Jamani, nilivyofurahi! Nilitembea mbio mpaka akanikumbusha kwamba mwenye hela ni yeye.

Miaka ile soko huria lilituletea kila kitu kilichochokwa ng'ambo, na kompyuta nazo zilikuja. Dukani zilikuwapo laptop mbili: moja nyembamba, nyeusi, inang'aa, nyingine ya kijivu, nene, herufi zimeanza kufutika.

"Shikamoo mayu," muuzaji alimwamkia, akimwita mama kwa kilugha chetu.

"Marahaba baba. Tuonyeshe hizo."

Mama aliipapasa nyeusi. "Hii ndiyo ya mhandisi. Hiyo nyingine kama tofali."

"Mama, tofali ndilo ninalolisomea."

Niligeuza ile ya kijivu. Chini ilikuwa na kifuniko kidogo cha skrubu, mahali pa kuongezea memori. Nyeusi haikuwa na nafasi hiyo, na memori yake isingetosha programu ya kuchorea. Fundi wa duka alifungua kifuniko, akachomeka kipande cha memori kisichozidi biskuti kwa ukubwa, kisha akapakia programu. Nikachora nguzo, nikaikuza, nikaizungusha. Haikukwama! Nilipiga kelele, watu wote dukani wakacheka, mama naye akacheka na kusahau ile nyeusi.

Nyumbani kwetu kitu cha thamani lazima kivae kitambaa. Redio ilikuwa nacho, makochi yalikuwa navyo, hata jagi la maji. Mama, ambaye tangu aagwe kiwandani mikono yake haikutulia, aliifumia laptop kitambaa cha uzi mzito mweupe, akakitia na bitana kwa ajili ya vumbi la Nyakato.

Alasiri moja nilikuwa nachora daraja.

"Hilo ni la Kigongo?" aliuliza. Kwao ni Busisi, ng'ambo ya maji kutoka Kigongo, na kusubiri kivuko kumemchosha maisha yake yote.

"Bado mama. Hili ni la mfereji tu."

"Basi harakisha."

Niliuhifadhi mchoro, nikatoka kuchota maji, mashine nikaiacha inawaka. Mama akaihurumia kwa vumbi, akaifunika. Niliporudi nikaondoa kitambaa, kioo kilikuwa cheusi. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena.

"Imekufa?" mama aliuliza mlangoni, mkono mdomoni.

Miaka yake yote ya kiwandani ilikuwa pale mezani, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani. Nikaiinua niichungulie chini, nikairudisha mezani upesi: ilikuwa ya moto kama kikaango. Kitambaa nacho kilikuwa cha moto. Feni ya laptop ilikosa pa kupumulia.

"Mama, imeshikwa na joto tu!"

Alikimbilia jikoni, akarudi na kipepeo cha jiko la mkaa, akaanza kuipepea laptop kwa nguvu zake zote. Mimi nikaipuliza. Ilipopoa nikabonyeza, taa ikawaka, na daraja langu likatokea zima. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaposwa.

"Hajaposwa mtu," aliwaambia. "Imefufuka!"

Kitambaa sikukiona tena mpaka likizo ikaisha. Nilijua amekificha kwa aibu, nikaona nisikitaje.

Nilipofika bwenini Dar es Salaam na kufungua begi alilonipangia mama, nilikikuta kimezungushwa kwenye laptop. Ubavuni alikuwa ametoboa tundu la mviringo, mahali hasa penye mdomo wa feni, na ukingo wake ameushonea uzi uliobanana kama wa tundu la kifungo. Niliivisha mashine, nikaiwasha, nikaweka kiganja pale. Upepo wa moto ukatoka vizuri, nami nikalia huku nacheka.