Siku ya Kufungua Mwamba

Kozi yetu ilikuwa na jina refu. Ukilitaja mbele ya wazee wanasema mashaallah, halafu wanauliza ukimaliza utakuwa nani. Ndani yake mlikuwa na viumbe, jamii na uchumi, vyote chungu kimoja, na chuo kilijivunia neno lake: mtambuka. Nilichokiona mimi ni walimu watatu wasiokaa meza moja.

Mradi wa mwaka wa mwisho ukaangukia kisiwa cha Fundo, kwa sababu mimi ni wa huko. Tuliwaomba wanawake wanaochokoa pweza mashimoni kwa vijiti wauache mwamba mmoja upumzike, pweza wakue. Mama yangu alikubali wa kwanza, akawapitia wenzake nyumba kwa nyumba, akisema ni jambo la mwanawe. Tangu baada ya Idi hawakuutia mguu. Walikwenda mwamba wa mbali, wakarudi na vipweza vidogo, na kitoweo cha nyumbani kikawa mchicha. Waliahidiwa jambo moja tu: ukifunguliwa, wao ndio wa mwanzo kuvua.

Siku yenyewe ikapangwa ofisini, mjini Chake. Jumamosi, ili wageni wapate nafasi. Nilipoiona tarehe nikashtuka: yalikuwa maji mafu. Mtoto yeyote wa Fundo anajua bahari haikauki vizuri ila wakati wa bamvua. Siku nyingine mwamba unabaki chini ya maji, na mwanamke anayetembea kwa miguu hana lake. Nikaenda kwa mwalimu wa viumbe, akasema ratiba ni ya mwalimu wa jamii. Wa jamii akasema kupwa na kujaa ni sayansi, nirudi kwa yule yule. Wa uchumi akaniambia fulana zimeshachapishwa tarehe. Fulana! Nilitoka pale nimefura kama andazi.

Tukafungua. Shehe akasoma dua, wageni wakapiga picha, na wanawake wakasimama na michokoo yao, maji kiunoni, kanga zimelowa, hawaoni shimo hata moja.

"Msiwe na wasiwasi," mwalimu wa jamii akawaambia. "Mwamba umeshafunguliwa, mtakuja siku yoyote."

Nikamwomba tuufunge tena mpaka bamvua. Akacheka, akasema haiwezekani kufungua na kufunga siku moja mbele ya wageni, akapanda boti.

Na kweli ulikuwa umefunguliwa, kwa kila mtu. Kesho yake wakaja wazamiaji waliokuwa wamepiga kambi upande wa pili wa kisiwa, na miwani yao ya kuzamia. Wao kina cha maji hakiwashughulishi. Siwalaumu, tangazo walilisikia kama wengine. Bamvua lilipofika, wanawake walikuta mashimo matupu. Mama alirudi na pweza mmoja, akamtia sufuriani. Majirani wakasema jambo la mwanawe ndilo hilo, tena kwa sauti, ili asikie.

Chuoni kulikuwa na furaha. Uzito wa pweza waliouzwa ulikuwa mkubwa, mwalimu wa viumbe akasema mradi umefaulu. Pweza walikuwa wamekua kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaandika ni nani waliowavua na ni nani waliokosa, ukurasa mzima, kwa hasira. Wa uchumi akaukata wote, akasema uko nje ya swali la utafiti. Nikapewa daraja la juu.

Halafu wakanituma nyumbani, nikawaombe wanawake waufunge mwamba tena, wanafunzi wanaokuja nyuma yetu wapate pa kusomea. Nilimkuta mama ukumbini anasuka ukili. Nikaeleza, nikaeleza tena, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojichukia. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Weye soma, mwanangu," akasema. "Lakini hao wenzako waambie kuno mwamba hatuna."

Kisha akainuka, akaniletea chai katika kikombe cha wageni.